Samaki Waliosongamana Karaini na Haki ya Maji



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, aliyejaalia uhai wa kila kiumbe utokane na maji. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, wapenzi wasomaji, tumepokea barua ya mama mmoja wa Kisauni. Kwa kuwa aliyoyauliza yanawagusa wengi wenye watoto, na wengi waliopamba sebule zao kwa tangi la samaki, tumeona ni aula tumjibu hapa ili faida iwe ya wote.

Mama huyu asema kwamba siku waliyohama nyumba, tangi lao la vioo la lita 200 lilipasuka pembeni. Samaki wa dhahabu 14 wakatiwa ndani ya karai la plastiki la lita 60, wangoje hapo mpaka mumewe, afanyaye kazi Doha, atume pesa za tangi jingine. Siku ya nne maji yakaingia ukungu na samaki wawili wakafa. Siku ya sita akafa wa tatu. Mwanawe wa miaka tisa, mwenye samaki hao, hali akashiba, na amemuuliza mamake kama Mwenyezi Mungu amemkasirikia. Mama akaanza kubadilisha maji kila siku. Hapo mavyaa wake, ambaye wakaa naye nyumba moja, akamkataza. Hoja yake ni kwamba maji yao ni ya kununua kwa mtungi, na kuyamwaga kwa ajili ya samaki ni israfu iliyoharamishwa. Sasa nyumba imeingia uzito, na mama aomba kujua mambo mawili: je, afanyalo ni israfu? Na afanye nini ili hawa 11 waliosalia wasife?

Twaanza na swali la pili, kwani hatuwezi kusema kama jambo ni israfu kabla ya kujua kama lina haja au halina.

Kinachowaua samaki ni nini

Samaki wanapokufa mmoja baada ya mwingine, watu husema mengi. Wako wasemao ni njaa, wakaongeza chakula. Wako wasemao ni jicho. Jicho ni haki, wala hatulikanushi. Lakini haifai kukimbilia sababu iliyofichika huku iliyo wazi imo ndani ya karai.

Samaki hupumua, hula na hutoa uchafu ndani ya maji yale yale. Kutokana na matamvua yake, kinyesi chake na mabaki ya chakula, huingia majini kitu kiitwacho amonia. Ndiyo ile ile inayotoa harufu kali katika choo kisichosafishwa. Baharini, ziwani au mtoni amonia hutawanyika isidhuru. Karaini haina pa kwenda. Huunguza matamvua, samaki akawa hawezi kuvuta hewa hata kama hewa imo majini. Na hapa twataka kila mama azingatie: amonia ya kuua samaki ni ndogo mno hata pua ya mwanadamu haiinusi, na jicho haliioni. Maji yanaweza kung'aa kama ya kunywa na yakawa ni sumu kwa samaki.

Mbona basi samaki hao waliishi miaka miwili katika tangi la vioo bila taabu? Kwa sababu Mwenyezi Mungu amejaalia viumbe vidogo vidogo, yaani bakteria, ambao kazi yao ni kuigeuza sumu hiyo. Kundi la kwanza huigeuza amonia iwe nitriti, ambayo nayo ni sumu, kwani huharibu damu ya samaki ishindwe kubeba hewa. Kundi la pili huigeuza nitriti iwe nitrati, ambayo madhara yake ni machache na huondolewa kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa hawaelei ovyo majini. Hujishika kwenye sponji ya chujio, kwenye changarawe na kwenye vioo. Katika chombo kipya huchukua wiki nne hadi sita kabla ya kutosha kwa kazi hiyo.

Sasa mambo yamebainika. Tangi lilipopasuka, halikupotea tangi peke yake. Yalipotea makao ya bakteria. Samaki 14 wakatiwa katika maji yasiyotimia theluthi ya yale waliyozoea, ndani ya chombo kisicho na msaidizi hata mmoja. Amonia ikapanda siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, na siku ya nne mauti yakaanza. Ukungu ule ni bakteria wa aina nyingine, wanaozaana haraka juu ya mabaki ya chakula na kula hewa ya samaki.

Na kwetu pwani kuna mambo mawili yanayozidisha shida. La kwanza ni joto. Maji ya nyuzi 20 yaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni kwa lita, lakini yakifika nyuzi 28, kama yalivyo maji ya nyumba zetu siku nyingi, hayabebi hata miligramu 8. La pili ni mawe yetu ya matumbawe. Maji ya visima yaliyopita katika mawe hayo huwa magumu, na kipimo chake cha pH hupanda. Kipimo hicho kikipanda kutoka 7 hadi 8, ile sehemu ya amonia yenye kuua huongezeka takriban mara kumi, ingawa uchafu ni ule ule. Kwa hivyo mtu wa Mombasa, Malindi au Lamu hana nafasi ya kupuuza kama aliyonayo mtu wa nchi ya baridi.

La kufanya tangu leo

Kwanza, dada yetu, punguza chakula. Samaki wa dhahabu aliyekomaa na mwenye siha hadhuriki kwa kukosa chakula siku mbili tatu. Wanyime siku mbili, kisha uwape kidogo mno, kiasi cha kumalizwa kwa dakika mbili, siku moja baada ya siku moja. Kinachobaki ukichote mara moja. Mama zetu hulisha kwa huruma, lakini katika karai lililosongamana huruma hiyo ndiyo inayotia sumu.

Pili, ikiwa sponji ya chujio la zamani ingali mbichi, itie karaini pamoja na chujio lake. Ikiwa imekaukia kwenye sanduku la kuhamia, bakteria wake wamekwisha kufa. Hapo mwombe jirani au muuza samaki akukatie kipande cha sponji kutoka tangi lake lenye samaki wazima, uje nacho ndani ya maji. Kipande kama kiganja cha mkono chaweza kupunguza ule muda wa wiki nne kwa kiasi kikubwa. Usikioshe kwa maji ya mfereji wala kwa sabuni. Kikichafuka kikamue ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa karaini.

Tatu, tia hewa. Pampu ndogo ya hewa na jiwe lake yatosha. Umeme ukikatika, chota maji kwa kata au kopo, uyamimine kutoka juu kidogo yakirudi karaini, mara kadhaa kila baada ya muda. Maji yanaporuka hushika hewa. Karai pana na fupi ni bora kuliko pipa refu, kwani hewa huingilia kwenye uso wa maji. Liweke kivulini, na ulifunike kwa wavu, samaki wasiruke nje na paka wa mtaa wasipate karamu.

Nne, maji ya kubadilisha yaandaliwe jana yake. Maji ya mfereji hutiwa klorini, na hata nyumbani wengi wetu hutia dawa hiyo katika matangi ya akiba. Klorini huunguza matamvua na huua wale bakteria tunaowalea. Mimina maji ndooni, uyaache wazi saa 24 kando ya karai. Klorini itatoka, na joto la maji hayo litalingana na la karai. Usifunike kwa kifuniko kizito. Funika kwa kitambaa chepesi au wavu, ili hewa ipite na mbu wasitage. Tunakumbuka jinsi homa ya denge ilivyotaabisha Mombasa, na mbu wake hupenda maji safi yaliyotulia nyumbani.

Mwenye kutumia maji ya kisima ayaonje na achunguze yalipo mashimo ya vyoo. Visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na vilivyo karibu na mashimo hayo huwa na nitrati tangu hapo. Akiwa na njia, basi achanganye na ya mfereji.

Tano, chumvi ya jikoni ni dawa nyepesi ya nitriti. Gramu moja kwa kila lita, yaani gramu 60 kwa karai lile, yeyushwe kwanza kwenye kopo kisha imiminwe kidogo kidogo. Ukitoa lita 20 na kutia mpya, utaongeza gramu 20 tu, kwa kuwa chumvi haipotei hewani. Mwenye maji ya kisima yenye chumvi asiongeze kitu.

Sita, samaki akifa atolewe papo hapo. Mzoga mmoja katika karai dogo hutoa amonia kuliko samaki hai kadhaa. Wazima nao watazamwe: wakija juu kuhema, mapezi wakiyabana, matamvua yakiwa mekundu kama yameungua, hizo ni dalili za kubadilisha maji saa ile ile bila kungoja kesho. Maduka ya samaki wa mapambo huuza vipimo vya amonia na nitriti. Zote mbili zatakiwa ziwe sifuri.

Hesabu ya mtungi mmoja

Mama ameuliza abadilishe maji kiasi gani, na hapa ndipo penye ugomvi wa nyumba yake. Natupige hesabu.

Tuuite uchafu wa samaki hao wa siku moja fungu moja. Asiyebadilisha maji hata kidogo, baada ya siku saba atakuwa na mafungu saba karaini. Abadilishaye theluthi kila siku, yaani mtungi mmoja wa lita 20, uchafu utapanda siku za mwanzo kisha utasimama, wala hautazidi mafungu matatu. Abadilishaye nusu kila siku hatazidi mafungu mawili. Na abadilishaye theluthi huku amepunguza chakula kwa nusu, atakuwa karibu na fungu moja na nusu, kwa kuwa uchafu hufuata chakula, ingawa haukomi kabisa. Maana yake ni kwamba mama mwenye mtungi mmoja na mkono mdogo wa kulisha humshinda abadilishaye nusu kila siku bila kupunguza chakula.

Kwa siku mbili za mwanzo, kwa kuwa maji yamekwisha kuharibika, abadilishe theluthi asubuhi na theluthi jioni. Baadaye mtungi mmoja kwa siku utatosha mpaka bakteria washike kazi. Wala asiyamwage yote kwa mara moja akajaza mapya. Mageuzi ya ghafla ya joto na ya pH huwadhuru samaki, na maji mapya yenye pH ya juu yakiingia kwa wingi juu ya amonia iliyojikusanya, huifanya kali zaidi.

Akipata karai la pili kwa jirani, awagawe samaki. Watapata nafasi na hewa, na sumu itapanda polepole. Lakini jumla ya maji ya kubadilisha haipungui, kwani idadi ya samaki ni ile ile. Na karai hilo lisiwe lililowahi kutiwa rangi, dawa au sabuni kali.

Je, ni israfu?

Twamwambia mavyaa wa dada yetu, kwa heshima zote anazostahiki, kwamba asili ya neno lake ni sahihi. Mwenyezi Mungu ameharamisha israfu, na Mtume wetu (S.A.W.) alikuwa akitawadha na kuoga kwa maji machache ambayo wengi wetu leo tungeyaona hayatoshi kuosha miguu. Mama mzee aliyekulia zama za kuteka kisimani anajua thamani ya maji kuliko sisi tuliozoea kufungua mfereji. Na ni vyema akaogopa kwa ajili ya nyumba ya mwanawe.

Lakini wanazuoni wamefafanua kwamba israfu ni kutumia kupita haja. Linalotumika kwa haja inayotambuliwa na sharia haliitwi israfu hata kidogo. Na haja ya mnyama aliye mikononi mwetu inatambuliwa. Katika Minhaj ya Imamu Nawawi, kitabu kinachosomeshwa katika darsa zetu za pwani, mlango wa nafaka haukuishia kwa mke, watoto na wazazi. Umetaja pia malisho na maji ya wanyama anaowamiliki mtu, na kwamba akikataa hulazimishwa kutekeleza, au kuuza, au kuchinja mwenye kuliwa. Yaani nafaka ya mnyama ni wajibu, si hisani.

Tena tazama walivyolipima wanazuoni wa Kishafi suala la maji yenyewe. Miongoni mwa sababu zinazomruhusu mtu kutayamamu wamehesabu kuwa na maji ambayo anayahitajia kwa kiu ya mnyama mwenye kuheshimiwa. Mtu aacha udhu wa maji, akapiga vumbi, mnyama apate kunywa. Samaki hana kiu ya koo, lakini maji mazuri kwake ndiyo hewa yake, na haja yake si ndogo kuliko ya mbuzi mwenye kiu.

Na sote twaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka. Kosa lake halikuwa kufuga. Alimfungia, asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Samaki wa karaini amefungiwa kuliko paka. Hana mlango wa kutokea wala chakula cha kujitafutia, na hata maji ya kupumulia ni yale tuyatiayo sisi.

Kwa hivyo jawabu letu ni hili: mtungi mmoja kwa siku, kwa muda wa dharura, wenye lengo la kuhifadhi uhai wa viumbe vilivyo katika milki ya nyumba hiyo, si israfu. Israfu ingekuwa kumwaga mitungi mitano bila hesabu, au kuendelea kununua samaki ilhali maji hayatoshi kwa waliopo. Na ikiwa itafika siku maji ya nyumba hayatoshi kwa kunywa kwa watoto na wazee, basi watu hutangulizwa, na samaki wapewe mtu mwingine siku hiyo hiyo, wasiachwe kufa polepole.

Liko jambo jingine litakaloleta suluhu baina ya mama hawa wawili, nalo ni kwamba maji yatokayo karaini hayana haja ya kumwagwa. Nitrati na uchafu wa samaki ni mbolea. Mchicha, mgomba na mwasumini huyapenda maji hayo. Na kwa kuwa sasa yametiwa chumvi, yatumike zaidi kumwagia chooni, kazi ambayo kila siku hula mtungi mzima wa maji safi katika nyumba nyingi. Mtungi ule ule upite kwanza karaini, kisha uende chooni. Hapo gharama ya samaki hao itakuwa ndogo sana, na mavyaa atakuwa amelindiwa alilolihofia.

Ama kutawadhia maji hayo, twashauri yaepukwe. Samaki aliyekufa ni tohara, na kufia kwake majini peke yake hakuyanajisi maji. Kinyesi chake pia wanazuoni wetu wamekisamehe ndani ya maji maadamu hakikuyabadilisha. Lakini maji ya karai lililosongamana mara nyingi yamekwisha kubadilika rangi na harufu, na ni machache yasiyofikia kulla mbili. Mwenye maji mengine asijitie katika shaka.

Mtoto na samaki wake

Swali la mtoto ndilo lililotugusa zaidi. Mtoto wa miaka tisa hajabaleghe, na kalamu ya kuandika madhambi imeinuliwa juu yake. Aambiwe waziwazi kwamba Mwenyezi Mungu hakumkasirikia. Wala asihadithiwe habari ya paka kwa namna ya kumtisha, kwani yeye hakuwatesa samaki wake. Chombo ndicho kilichovunjika.

Badala yake asomewe habari ya Abu Umayr, ndugu yake mdogo Anas bin Malik (R.A.). Alikuwa na kindege akichezea, na kindege kikafa. Mtume wetu (S.A.W.), pamoja na mizigo yote ya umma aliyobeba, alimwona mtoto ana huzuni, akamwuliza habari za kindege chake kwa maneno ya upole yenye vina, ili amliwaze. Hakumwambia kwamba ni kindege tu. Kutokana na hadithi hiyo fupi, Ibn al-Qass, mwanachuoni wa Kishafi wa karne ya nne ya Hijra, aliandika kitabu kizima cha faida zake, na miongoni mwa waliyoyafahamu wanazuoni ni kwamba yafaa mtoto kuchezea ndege maadamu hamtesi. Basi tusidharau machozi ya mtoto juu ya samaki.

Kisha afunzwe kwamba kadari na sababu haziachani. Yule aliyeuliza kama amwache ngamia wake bila kumfunga huku akimtegemea Mungu, alijibiwa amfunge kisha ategemee. Mtoto apewe kazi ya mikono: ahesabu samaki asubuhi na jioni, apime chumvi, aangalie dalili, aandike katika daftari. Mtoto apewaye kazi hupata nafuu ya majonzi, na siku atakayomiliki kikubwa zaidi ya samaki atakuwa amekwisha jifunza kwamba kumiliki ni kuwajibika.

Muda uwe na mwisho

Twamalizia kwa wanaume, hata kama mwandishi wa barua ni mwanamke. Tangi la samaki mara nyingi hununuliwa na baba, likasifiwa na wageni, na likasafishwa na mama. Mtungi wa lita 20 una uzito wa kilo 20. Mama aliyekwisha kupika, kufua na kumpeleka mtoto madrasa ndiye auinamiaye. Bi. Aisha (R.A.) alipoulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani, alieleza kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake. Aliye Doha hawezi kubeba mtungi, lakini aweza kuzungumza na mamake kwa simu, kwa adabu, mkewe asiachwe peke yake katika mzozo. Na aweza kutaja tarehe. Karai la muda lisilotajiwa tarehe huwa ndilo tangi la kudumu, na samaki hufa mmoja mmoja kila mwezi bila mtu kuona ajabu.

Ikiwa pesa za tangi hazitapatikana karibuni, wapunguzwe samaki. Wafugaji wazoefu humhesabia samaki mmoja wa dhahabu lita 40 hadi 80, kwani hukua mpaka kuzidi urefu wa kiganja. Kwa hesabu hiyo hata tangi la lita 200 halikuwatosha 14, na chujio zuri pekee ndilo lililowasitiri. Watano wabaki, sita wapewe jamaa mwenye hodhi, au warudishwe kwa muuza samaki hata bila malipo. Mtoto mwenyewe awachague, na aende pamoja na mamake kuwakabidhi.

Wala wasitupwe baharini kwa nia ya kuwaacha huru. Samaki wa dhahabu ni wa maji baridi, na maji ya bahari humuua. Wala wasitiwe mtoni wala ziwani. Asili yao ni Asia ya Mashariki, na samaki mgeni aweza kuharibu maji ya wenyeji. Nchi yetu imekwisha kuona Ziwa Viktoria, ambako mbuta aliingizwa katika miaka ya 1950 na 1960, na aina nyingi za samaki wadogo wa asili zikatoweka.

Na wewe msomaji ambaye tangi lako li zima, jiandae kabla ya msiba. Uwe na karai safi lililotengwa, pampu ya hewa ya betri, na sponji ya pili ndani ya chujio ambayo siku ya dharura utaitoa ikiwa tayari ina bakteria. Unapohama, sponji na ihame ndani ya maji ya tangi lenyewe, isifungwe pamoja na vyombo vya jikoni.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu aitie nyumba hiyo mapenzi na maelewano, amrudishe baba yao salama, atujaalie kuzitunza amana zetu kubwa na ndogo, na asitunyime mvua kwa sababu ya ukatili wetu kwa viumbe vyake. Amin.

Wabillahi tawfiq.